Oili Nyeusi

Lori la Bushiri Matano lilikuwa limeegeshwa kwenye mteremko wa mtaa, pua ikielekea bondeni, kama ilivyokuwa kila siku tangu baridi ya Juni ilipoingia Mbeya. Bushiri alisimama kando ya mlango wa dereva, koti limefungwa mpaka shingoni, akiwangoja watu watoke msikitini wamsaidie kusukuma. Aliwaona wakitoka. Aliwaona wakisimama kidogo langoni, wakitazama upande wake, kisha wakakata kushoto na kupita uchochoro wa jalalani, ambako mtu hapiti bila sababu.

Alijifanya anaangalia gurudumu. Mmoja wao, mzee ambaye hakuwa na haraka ya kukwepa, alimpungia mkono kwa mbali akasema, "Leo tumechelewa, Bushiri," akaendelea na safari yake.

Mkewe, Zuena, alitoka uani amebeba sufuria kwa matambara mawili. Ndani ya sufuria mlikuwa na oili nzito iliyopashwa moto juu ya jiko la mkaa. Jioni Bushiri aliimwaga kutoka kwenye injini, alfajiri Zuena aliipasha, na Bushiri aliirudisha kabla haijapoa, maana ikipoa ilikuwa nzito kama asali ya porini na injini haikuzunguka kabisa. Kwa oili nyepesi lori lilikubali kuwaka asubuhi, lakini milimani oili ilitoka yote kwa nyuma kama moshi, na mshale wa saa ya presha ukaanguka. Ndivyo lori lilivyokuwa. Lilikuwa lori la dizeli lililonunuliwa mnadani, mgodi mmoja wa Chunya ulipofungwa, na saa yake ya maili ilikuwa imeshazunguka ikarudi sufuri kabla Bushiri hajaushika usukani wake.

"Wamepita?" Zuena aliuliza.

"Wamechelewa leo."

Zuena alitazama uchochoro. Alimpa sufuria. Ilikuwa sufuria yake ya wali, na sasa haikufaa kwa wali wala kwa maji ya kuoga. Siku chache nyuma mtoto wao Mwanahawa alikataa uji, akisema unanuka lori, na Zuena alipoonja akakuta ni kweli.

"Baba Mwanahawa," alisema, "mtu anakuwa na gari ili watu wamwombe lifti. Sisi tuna gari, watu wanatukimbia."

"Baridi itaisha."

"Na mwakani haitarudi?"

Bushiri aliinamia injini akamimina. Siku hiyo walisukuma wao wawili na muuza maziwa mmoja aliyekuwa akipita, na lori liliwaka likiwa limebakiza hatua chache lifike kwenye mtaro.

*

Simu ya maandishi ilifika mchana, kwa sanduku la posta la Chandrakant, mwenye duka la vipuri na mafuta, kwa sababu Bushiri hakuwa na sanduku lake. Chandrakant alifunga duka kwa muda akaileta mwenyewe mpaka nyumbani. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo, na alipomkabidhi Zuena karatasi alisema tu, "Mama, pole," kisha akabaki amesimama mlangoni mpaka alipohakikisha kuwa Bushiri yupo ndani.

Ilitoka Iringa, kwa Isihaka, kaka yake Zuena. Mama yao, Bi Rukia, alikuwa katika hali mbaya, na Zuena aje upesi.

"Basi linaondoka kesho saa tatu," Zuena alisema Chandrakant alipokwisha kuondoka. Alikuwa ameshaanza kukunja khanga. "Nitamwacha Mwanahawa kwa mama Esta hapo jirani."

"Basi la nini?" Bushiri aliuliza. "Nina gari mlangoni, nikupakie mke wangu kwenye basi la watu?"

"Gari lipi?"

Swali hilo Bushiri alilibeba moyoni siku nzima. Si kwamba Zuena alilisema kwa kejeli. Alilisema kama mtu anayeuliza kweli. Na nyuma ya swali lake Bushiri alimsikia Isihaka, shemeji yake, karani wa hospitali, ambaye kila walipokutana alimuuliza mbele za watu, "Shemeji, lile lori lako limefika, au umefika wewe tu?"

"Kesho tutakwenda kwa gari letu," alisema. "Nitabadilisha oili. Niweke inayotakiwa, si hii ya kubahatisha. Tutafika kabla ya hilo basi lako."

"Mama yangu anaumwa, Baba Mwanahawa. Sitaki mashindano."

"Kama asubuhi haliwaki, panda basi. Sitakuzuia."

*

Dukani kwa Chandrakant walikuwapo watu kadhaa, na fundi Anania alikuwa ameketi juu ya debe karibu na mlango akisubiri kazi. Anania ndiye aliyekuwa akilitengeneza lori la Bushiri. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mwenye tabia ya kufikiri kwa sauti.

Chandrakant alipanga makopo juu ya kaunta.

"Hii ya magari ya petroli," alisema. "Hii nzito, ndiyo unanunua siku zote. Na hii imekuja mwezi uliopita. Ya dizeli. Dizeli tu. Si nzito sana, si nyepesi. Wamesema inafaa injini yenye kazi ngumu."

"Injini iliyozeeka je?"

"Injini ngumu, wamesema. Iliyozeeka hawakusema."

Bushiri aliuliza bei. Ilikuwa karibu mara mbili ya ile nzito. Watu waliokuwapo walinyamaza, kwa namna ambayo watu hunyamaza ili wasikie mwenzao atajibu nini.

"Fundi," Bushiri alimgeukia Anania, "wewe unasemaje?"

"Hiyo nimeiona kwa wale wanaojenga barabara, Uyole. Magari yao ya dizeli wanaweka hiyo tu. Hiyo inaosha, Mzee Bushiri. Ndani ya injini yako kuna masizi ya miaka mingi yameganda, nzito hii imeyashikiza pale pale. Hii mpya itayang'oa."

"Vizuri si ndiyo?"

"Vizuri, lakini pole pole. Usitoke nayo safari ya mbali. Weka, zunguka hapa hapa mjini, nenda Uyole urudi. Halafu imwage ingali ya moto, badilisha chujio, weka nyingine. Halafu tena hivyo hivyo. Baada ya hapo ndiyo uende unakotaka."

"Nimwage oili mpya?" Bushiri alitazama bei iliyoandikwa kwa chaki, kisha akawatazama watu. "Fundi, Chandrakant amekuahidi nini?"

Watu walicheka. Chandrakant naye alitabasamu kwa adabu, ingawa hakupenda. Anania hakucheka.

"Mwaka jana," Bushiri aliendelea, akihisi dukani wako upande wake, "ni wewe uliniambia nzito. Ukasema itaziba kelele. Mwezi wa Ramadhani ukaniambia nichanganye na ya gia. Leo unasema hii, na niimwage. Kesho utasema niweke samli."

"Mwaka jana sikujua," Anania alisema. "Na kelele iliziba, si kweli? Mimi nakwambia ninachojua leo."

Bushiri alinunua oili mpya. Chujio hakununua, kwa kuwa fedha zilizobaki zilikuwa za safari. Na debe la oili nzito iliyokuwa nyumbani alilipakia nyuma ya kiti, kwa tahadhari.

*

Asubuhi Zuena alikuwa ameshafunga furushi lake la nguo na kuvaa viatu vya safari. Alikuwa tayari kuelekea stendi. Alisimama barazani, mkono mmoja kwenye mzigo, akimsubiri mumewe ajaribu mara moja aone kuwa haiwezekani, ili waagane bila ugomvi.

Bushiri aliingia, akabonyeza. Lori likawaka.

Liliwaka pale pale, bila kusukumwa, bila sufuria, kwenye baridi iliyofanya nyasi za uani kuwa nyeupe. Mngurumo wake ulikuwa mpya kiasi kwamba jirani alitoka nje na mswaki mdomoni. Bushiri hakushuka. Alikaa ameushika usukani, na Zuena aliona uso ambao hakuuona tangu siku lori lilipoletwa. Alimwona kama kijana. Alisita, akatazama njia ya stendi, kisha akainua furushi lake na kupanda upande wa abiria.

"Bismillahi," alisema. "Twende basi."

Pale Uyole Bushiri aliegesha sokoni.

"Kuna nini?" Zuena aliuliza.

"Napakia viazi kidogo. Hatuwezi kwenda Iringa na lori tupu."

"Hatuwezi?"

"Fedha ya mafuta tutairudishaje?"

Viazi kidogo vilikuwa magunia mengi. Wapakiaji walibishana, mwenye viazi mmoja akabadili bei, jua likapanda. Zuena alikaa ndani ya lori mikono mapajani. Wanawake wa sokoni waliomfahamu walikuja dirishani kumsalimu na kumwuliza safari ya wapi, naye alimjibu kila mmoja kuwa anakwenda kumwona mama mgonjwa, na kila mmoja aliyatazama magunia yanavyopakiwa, akasema pole.

Walishuka kuelekea Chimala, Zuena amegeukia dirishani. Lakini lori lilikwenda. Lilikwenda vizuri hata Bushiri akaanza kuimba chini chini, na Zuena, pamoja na hasira yake, alisinzia.

*

Chimala Bushiri alisimama kupima oili. Alichomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Alikiinua juani.

Oili ilikuwa nyeusi. Jana jioni aliimimina ikiwa na rangi ya chai ya rangi. Sasa ilidondoka kwenye kijiti kama wino. Aliigusa, akaisugua kwa vidole, akanusa.

"Mwizi," alisema taratibu.

Zuena aliamka. "Nani?"

"Chandrakant. Ameniuzia oili iliyokwisha kutumika. Wameichuja wakaitia kwenye makopo mapya. Oili gani hii inakuwa nyeusi kabla haijafika hata nusu ya njia? Ile nzito hukaa mwezi, na rangi yake bado naiona."

"Gari si linakwenda?"

"Linakwenda huku linaungua."

"Baba Mwanahawa, mimi oili siijui. Lakini asubuhi liliwaka lenyewe, na tangu tutoke halijatoa moshi. Tufike kwanza Iringa. Ukirudi, mkamate Chandrakant umwulize."

Bushiri hakusikia. Alikuwa akiwaona wale watu dukani walivyocheka, na sasa alidhani alijua walichekea nini. Ng'ambo ya barabara palikuwa na lori linalokwenda Mbeya, dereva wake anakunywa chai hotelini. Alimwendea.

"Ukifika Mbeya," alimwambia, mbele ya wanywa chai wote, "pita duka la Chandrakant. Mwambie Bushiri Matano anasema yeye ni mwizi. Mwambie hivyo hivyo, na uwaambie walio dukani."

Kisha alilala chini ya lori, akafungua skrubu ya chini, na ile oili ya bei mara mbili ikamwagika kwenye vumbi ingali moto, ikamchoma mkono. Alimimina debe la nzito. Zuena alisimama kando ya barabara akitazama doa jeusi linavyotambaa mchangani kuelekea miguu yake, akasogea nyuma.

"Imetulia sasa," Bushiri alisema, akifuta mikono kwa nyasi. "Hii naijua."

*

Baada ya Igawa barabara huanza kupanda. Kwa maili chache lori lilipanda kama kawaida yake, kwa kunung'unika. Kisha Bushiri aliona mshale wa presha umeanza kulala. Aligonga kioo cha saa kwa kucha. Mshale uliinuka kidogo, ukalala tena. Alipunguza mwendo. Chini ya miguu yao kitu kilianza kugonga, mara moja moja, kisha mfululizo, kama mtu anayepiga mlango akijua kuwa wenyewe wamo.

Lori lilisimama kabla ya kufika Makambako, kando ya uwanda mtupu wenye upepo. Bushiri alijaribu kuizungusha injini kwa hendeli. Haikuzunguka hata inchi.

Alifungua kifuniko, akakifunga. Alikwenda nyuma akayatazama magunia, akarudi mbele. Zuena alikuwa ameshuka, amejitanda khanga mbili, amesimama na furushi lake miguuni.

"Nipe muda," Bushiri alisema. "Ipoe kwanza."

"Ikipoa itafanya nini?"

"Ipoe kwanza, nimekwambia."

Walikaa. Upepo ulipeperusha vumbi jekundu likaingia machoni. Bushiri alijaribu tena hendeli, kwa mikono miwili, kisha kwa mguu, mpaka ikamteleza ikamkwangua ugoko. Alikaa chini akaushika mguu. Zuena hakumwendea. Masikio yake yalikuwa barabarani.

Lililokuja ni basi lile lile la saa tatu. Lilitokea kwenye kona ya chini likiwa limejaa mizigo juu, na Zuena aliinua mkono kabla Bushiri hajasimama. Basi lilisimama. Nyuso ziligeuka madirishani, na baadhi yao ziliwajua.

"Si Bushiri yule?" sauti moja ilisema ndani.

Kondakta alishuka. "Iringa? Wawili? Nafasi ipo nyuma, mbanane."

Zuena alimtazama mumewe. Alimpa nafasi ya kusema yeye.

Bushiri alilitazama basi, akayatazama magunia.

"Na viazi nimwachie nani?" alisema.

"Baba Mwanahawa."

"Usiku vitabebwa vyote hivi. Pamoja na magurudumu. Wewe tangulia. Fundi wa Makambako akija, kesho nitakuwa huko."

Kondakta alikohoa. Abiria walikuwa wakisikiliza bila kujificha. Zuena aliinama akachukua furushi lake, na kondakta akampokea, akampandisha. Bushiri alimwona kupitia kioo cha nyuma akipita katikati ya watu waliokuwa wakimpisha, halafu basi likaondoka na vumbi likafunika kila kitu.

*

Fundi wa Makambako hakuja. Alikuwa amekwenda kilabuni, kisha msibani, kila aliyetumwa alirudi na habari tofauti. Bushiri alilala juu ya magunia. Kesho yake jua lilipopata nguvu lilisimama lori la dizeli la mashamba ya chai ya Mufindi, linalokwenda Iringa, na dereva wake akashuka kuuliza kama kuna msaada. Aliitwa Silvester, Mhehe wa makamo, amevaa koti la kazi lenye mifuko mingi.

Bushiri alimsimulia yote, kuanzia Chandrakant. Alikuwa ameyasimulia kichwani usiku kucha, hivyo yalitoka haraka. Silvester alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alikwenda kwenye lori lake, akafungua kifuniko, akachomoa kijiti cha oili na kukileta.

Kilikuwa cheusi kama wino.

"Ya zamani niliimwaga nikaweka hii mpya juzi," Silvester alisema. "Siku ya kwanza tu inakuwa hivi. Mimi nilipoanza kuitumia niliona hivyo hivyo, nikaimwaga porini, nikadhani mwenye ghala anatuibia. Nilikatwa mshahara. Msimamizi akanifokea mpaka mate yakanirukia. Hii inaosha, bwana. Inabeba masizi. Ikibaki safi, ujue uchafu umebaki kwenye injini."

"Sasa kwa nini limekufa?"

"Tuone."

Walilala chini wote wawili, wakafungua bakuli la oili. Kwenye wavu wa kunyonyea oili palikuwa pamegandamana uji mweusi, mzito, wa kukwangua kwa kijiko. Silvester aliuchota kwa kidole.

"Masizi yameng'oka. Ile mpya ilikuwa inayabeba, wewe ukaimwaga, mengine yakabaki humu. Halafu ukaleta hii nzito. Ikayakokota yote mpaka hapa, ikaziba. Injini imekunywa hewa badala ya oili." Alijifuta kidole kwenye koti. "Lakini nisikudanganye. Hata kama usingeimwaga, kwa injini chafu namna hii na chujio la zamani, pengine ingeziba tu, mbele kidogo. Hukuambiwa uende nayo pole pole?"

Bushiri alibaki amelala chali chini ya lori. Juu yake injini ilikuwa ikidondosha tone moja moja kifuani mwake, na hakujisogeza.

"Niliambiwa," alisema.

Silvester alitoka chini akajipangusa. "Mimi naenda Iringa. Unakuja?"

Bushiri alitoka naye. Aliyatazama magunia yake. Kulikuwa na nyumba moja mbali kidogo na barabara, na mwenye nyumba alikuwa amekuja tangu asubuhi kutazama tazama.

"Viazi hivi," Bushiri alimwambia, "kama nikivikuta nitashukuru. Kama sikuvikuta basi."

Angeweza kusema maneno hayo jana. Alilijua hilo alipokuwa akiyasema, na ndiyo maana sauti yake ilitoka nyembamba.

*

Nyumba ya akina Zuena, Iringa, ilikuwa na turubai mbele na mikeka chini yake. Bushiri aliliona turubai kutoka mbali, akajua. Alipofika, wanaume walikuwa wamekaa kimya, viatu vimepangwa kando. Walikuwa wamerudi makaburini muda si mrefu.

Alisalimia. Waliitikia. Alipita akiwapa mkono wa pole, lakini viganja vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha na alikuwa ameshindwa kuvisafisha kwa mchanga na nyasi, hivyo alinyoosha kifundo cha mkono badala ya kiganja, na kila mmoja akakishika kifundo hicho kwa vidole viwili.

Isihaka alisimama. Bushiri aliingoja ile dhihaka ya siku zote. Aliitaka, hata. Isihaka alisema, "Karibu, shemeji. Tumezika," akarudi kukaa.

Karibu na mlango alikuwapo kijana wa Kihindi mwenye kofia mkononi, anashusha mfuko wa sukari na boksi la majani ya chai kutoka kwenye baiskeli. Alimwendea Bushiri kwa adabu.

"Wewe Bwana Bushiri? Mimi Pravin, mtoto wa ndugu yake Chandrakant. Ami amepiga simu dukani kwetu leo asubuhi. Isihaka alimpelekea habari Mbeya kwa simu ya maandishi. Amesema nilete hivi vitu kwa msiba, na niseme pole sana."

Bushiri aliitazama sukari.

"Amesema kitu kingine?" aliuliza.

Pravin aligeuza geuza kofia. "Amesema mambo ya oili mtazungumza ukirudi. Si sasa."

Kumbe salamu zake zilikwisha fika. Bushiri alitafuta neno la kumpa kijana yule alipeleke Mbeya, na kila alilolipata lilikuwa dogo au lilikuwa limechelewa. "Mwambie nimepokea," alisema mwishowe.

Zuena alitoka. Mtu alikuwa amemwambia ndani. Macho yake yalikuwa makavu, yamevimba, na alikuwa amejitanda khanga nyeupe ambayo Bushiri hakuijua. Alimvuta kando, kwenye pembe ya nyumba, penye ndoo na kata.

"Ulimkuta?" Bushiri aliuliza.

"Nilimkuta. Alinijua. Tulizungumza mpaka karibu na alfajiri."

"Alhamdulillahi."

"Alikuulizia." Zuena alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Nikamwambia uko nje, unaegesha gari."

Bushiri aliitazama mikono yake myeusi.

"Akasema, mwambie aingie, nje kuna baridi. Nikasema anaingia sasa hivi. Akakaa kidogo akauliza tena, huyu mwanaume anaegesha gari gani muda wote huu. Nikamwambia limebeba mzigo mkubwa, anatafuta pa kuliweka. Akacheka kidogo. Akasema, na wewe umepata mume mwenye gari. Alifurahi, Baba Mwanahawa. Baadaye hakuuliza tena."

"Ungemwambia kweli."

"Ningemwambia nini? Kwamba umebaki na viazi?"

Upepo ulitikisa turubai. Bushiri alichota maji kwa kata akajimwagia mikononi, akasugua, maji yakatoka na rangi kidogo tu na mikono ikabaki ilivyokuwa. Alichota tena. Zuena alimtazama akisugua, akamwacha asugue, mpaka ngozi ya pale alipoungua ikaanza kutoa damu. Ndipo alipomshika mkono akamnyang'anya kata.

"Haitoki," alimwambia. "Acha."

"Nitalitengeneza vipi lile gari, Zuena? Sina hata—"

"Leo sitaki habari za gari. Wala kesho. Hitima ikiisha nitarudi Mbeya kwa basi, na wewe ukitaka utapanda basi." Aliirudisha kata kwenye ndoo. "Sikukwambia ya mama ili uumie. Nimekwambia kwa sababu alisema uingie. Basi ingia."

Bushiri alivua viatu. Mlangoni alisita, mikono yake ameiweka nyuma kama mtoto aliyekamatwa na kitu cha wizi. Zuena alitangulia, akaliinua pazia la mlango, akalishikilia juu mpaka mumewe alipopita.